Mlinunuliwa kwa thamani: kumsoma Bonhoeffer nikiwa Mkunazini

#1 Mwanzisha uzi

Salaam wana jamvi. Wakristo wenzangu, Bwana Yesu asifiwe. Ndugu zangu Waislamu, asalaam alaikum, na nyinyi karibuni, maana mengi nitakayoyasema nimeyaelewa kwa kuishi na nyinyi kuliko kwa kukaa kanisani.

Mimi ni Muanglikana, mzaliwa wa Unguja, mwalimu wa skuli ya msingi. Nasali Mkunazini. Theolojia sikuisomea popote. Ila Kwaresima iliyopita nilianza kumsoma mchungaji mmoja wa Kijerumani, Dietrich Bonhoeffer, na tangu hapo benchi la kanisani limekuwa gumu kulikalia. Nimeona niyatoe hapa kuliko kukaa nayo moyoni.

Kwa wasiomjua: alizaliwa 1906 Breslau, mji ambao leo uko Poland. Mlutheri, kichwa hasa, udaktari alimaliza akiwa na miaka 21. Hitler aliposhika madaraka Januari 1933, sehemu kubwa ya kanisa la Kiprotestanti la Ujerumani iliinama. Wako waliotaka hata Wakristo wenye damu ya Kiyahudi watolewe kwenye utumishi wa kanisa. Bonhoeffer alikuwa miongoni mwa wachache waliokataa mapema. Mwaka 1935 akapewa kuongoza chuo cha wachungaji cha Finkenwalde, chuo cha wale waliojitenga na kanisa la serikali. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakakifunga 1937. Aprili 5, 1943 akakamatwa. Aprili 9, 1945 akanyongwa kambini Flossenbürg, ana miaka 39. Wanajeshi wa Marekani walifika kambini hapo wiki mbili baadaye.

Mwaka huohuo kilipofungwa chuo alitoa kitabu juu ya kumfuata Kristo. Anaanza bila kubisha hodi: adui anayeliua kanisa letu ni neema rahisi. Msamaha unaohubiriwa bila toba. Ubatizo bila nidhamu ya kanisa. Meza ya Bwana bila kuungama. Anaifananisha na bidhaa inayotupwa sokoni kwa bei ya mnada, chukua chukua, imebaki moja. Kisha anaitaja neema nyingine, ya thamani: ni ya thamani kwa kuwa ilimgharimu Mungu uhai wa Mwanawe, na hapo anashika maneno ya Paulo kwa Wakorintho, kwamba mlinunuliwa kwa thamani.

Sasa wenzangu, hayo mimi nimeyasoma nikiwa wapi? Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini. Mgeni asiyejua, nimweleze: kanisa lile limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, baada ya Sultani Barghash kulifunga kwa mkataba wa Juni 1873. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, na watembeza watalii huwaambia wageni kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watu. Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi na aliyefanya kazi kubwa ya kuileta Biblia kwa Kiswahili chetu hiki cha Unguja, amezikwa nyuma ya altare hiyohiyo.

Hapo ndipo nilipokaa nikisoma "mlinunuliwa kwa thamani". Bonhoeffer aliyaandika Ujerumani, kwa watu ambao kununuliwa kwao ni mfano tu wa mhubiri. Mkunazini si mfano. Pale watu walikuwa na bei. Waliangaliwa meno. Mama alitengwa na mwanawe kwa sababu mnunuzi amemtaka mmoja. Nikafungua Biblia sura inayofuata ya barua ileile: "Mlinunuliwa kwa thamani, msiwe watumwa wa wanadamu." Nikaifunga.

Na kuna jambo ambalo watembeza watalii hawalisemi. Soko lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa mpaka 1897. Misa ya kwanza ya Krismasi mle ndani ilisaliwa 1877. Hesabu miaka hapo katikati. Miaka 20 kengele ya Mkunazini inalia na mashamba ya karafuu, Unguja na Pemba, bado yanachumwa na watumwa. Sisemi waliosali walifurahia. Wamisionari walipigania kukomeshwa kwake, na Mbweni ilikuwa makazi ya waliookolewa majahazini. Ninachosema ni kwamba inawezekana kusimama juu ya kaburi la soko, ukaimba vizuri sana, na soko likawa limehamia tu mtaa wa pili. Nimeanza kuona hiyo ndiyo neema rahisi.

Karibuni tujadili. Kwa adabu.

#2 Mchangiaji, KKKT

Dada, asante kwa uzi. Mimi Mlutheri kama huyo ndugu yako, na hapa nashtuka kidogo. Neema ni bure. Ukianza kuiwekea bei unaturudisha kulekule kwa kununua wokovu kwa matendo, na Luther alihangaika miaka mingi kututoa huko. Siku hizi kuna watu wanauza maji, mafuta, chumvi, wanaviita vya upako. Tukisema neema ina gharama tutakuwa tumewafungulia duka.

#3 Mwanzisha uzi

Kaka yangu Mlutheri, umegusa penyewe, na nafurahi umeanza wewe.

Bonhoeffer hasemi ulipe ndipo uokolewe. Bei alishalipa Mungu. Anachokataa ni kuchukua kitu kilicholipiwa damu halafu ukakitumia kama kitambaa cha kufutia meza. Na Luther mwenyewe, Bonhoeffer anamtetea kwa njia hiyo: anasema Luther alipotoka monasterini hakuwa anaukimbia ugumu wa kumfuata Kristo, alikuwa anautoa ndani ya kuta na kuuleta mitaani, sokoni, nyumbani, kwa kila Mkristo. Waliokuja nyuma yake wakachukua jibu bila kupitia swali. Kuna sentensi ya Bonhoeffer yenye ncha mbili: anayeamini tu ndiye anayetii, na anayetii tu ndiye anayeamini. Ukiukata upande mmoja, wote unaanguka.

Juu ya mafuta ya upako tuko pamoja. Nimekaa kwenye ibada moja, jina nitalihifadhi, mhubiri akawataka watu wasimame kwa mafungu kulingana na sadaka walizonazo. Mama mmoja pembeni yangu, muuza mboga, alikaa chini wenzake waliposimama, akainamisha kichwa akawa anakunja kanga yake, anaikunjua, anaikunja. Neema inayouzwa na neema inayotupwa bure bila kujali, kwangu mimi ni biashara moja. Zote mbili zimeondoa msalaba zikabakisha meza ya muuzaji.

#4 Mchangiaji, Michenzani

Mie Muislamu, nimesoma kimya tangu juzi. Mwalimu, haya ya kuabudu kwa mdomo hata kwetu yapo, sie tunaiita riya. Kwa hilo nakuelewa sana. Ila nna suali. Nyinyi Wakristo hapa Zanzibar mu wachache. Wengi wenu watu wa bara, wamekuja kwa kazi za hoteli, jeshi, polisi. Huyo Mjerumani alikuwa ndani ya nchi ya Wakristo watupu. Mawaidha yake yanakufaeni nini nyinyi hapa kwetu?

#5 Mwanzisha uzi

Suali zuri, ami. Nivumilie, hapa nitakwenda kwa urefu.

Kwanza hilo la "watu wa bara". Ni kweli wengi wametoka bara. Lakini tupo ambao mababu zetu walishushwa hapa na jahazi wakiwa wamefungwa, wakapelekwa Mbweni, wakabatizwa, na kijiji walichotoka hakuna mtu anayekijua tena. Kwetu bara hakuna pa kurudi. Hilo nalisema kwa upendo, kwa sababu tangu utotoni nimekuwa nikiulizwa "kwenu wapi?" na mimi kwetu ni Unguja.

Pili, ni kweli alikuwa kati ya Wakristo, na hapo nimegombana naye. Baada ya chuo kufungwa aliandika juu ya maisha ya pamoja ya waamini. Anaanza kwa kusema si haki ya Mkristo kuishi kati ya Wakristo wenzake. Yesu aliishi kati ya adui zake, kwa hiyo mahali pa Mkristo ni hapohapo, kati ya adui. Nusu ya kwanza niliipokea kwa mikono miwili: sisi wa visiwani ndivyo tulivyo, na kuwa na mwenzako wa kusali naye ni zawadi, usiione ndogo. Nusu ya pili nimeikataa. Kwake walikuwa maadui kweli, mwisho wake walimnyonga. Mimi nimezungukwa na majirani.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mtu mzima, tunamwita Bibi. Ramadhani haipiti jioni mbili bila mjukuu wake kugonga na sahani imefunikwa kawa: kaimati, au tambi, au ndizi za nazi. Krismasi inapokaribia, kuku wangu anachinjwa na mjukuu huyohuyo, kwa kisu chake na bismillahi yake, ili pilau ikitoka iingie nyumba zote za ukumbi wetu. Hatukuwahi kukaa kikao tukapanga. Mama yangu alifanya hivyo, na mimi nafanya. Siku ya mazishi ya mama, Bibi alisimama nje ya mlango wa kanisa Misa nzima, jua la saa nane, mtandio kichwani. Nilipotoka nyuma ya jeneza nilimkuta palepale. Sasa aje mtu aniambie mimi naishi kati ya maadui?

Ila Bonhoeffer nimemsamehe kwa jambo aliloandika baadaye, yuko jela ya kijeshi ya Tegel, Berlin. Mei 1944 aliandikia ubatizo wa mtoto wa rafiki yake. Anasema kanisa lao limepigania kujilinda lenyewe mpaka maneno yake yamekosa nguvu. Basi kwa sasa ukristo wao utakuwa vitu viwili tu: kusali, na kutenda haki kati ya watu. Maneno mengine yatazaliwa upya kutoka humo.

Ami, hayo ndiyo yanayotufaa sisi hapa. Spika juu ya paa hatuhitaji, na kuwahubiri watu ambao wameamka alfajiri kabla yetu hatuhitaji. Tusali, na katika haki tusipatikane na upungufu. Aliandika pia kwamba kanisa ni kanisa pale tu linapokuwa kwa ajili ya wengine. Visiwani, hao wengine karibu wote ni nyinyi.

Kuna mawazo yake mengine hayatui hapa. Aliona dunia inaelekea kuishi bila dini kabisa. Angekaa siku moja tu Darajani wakati wa adhana ya magharibi, nadhani angeliandika hilo kwa namna nyingine.

#6 Mchangiaji, kijana

Mwalimu, sali na tenda haki ni maneno matamu, lakini jamaa mwenyewe si aliingia kwenye njama dhidi ya Hitler? Hakusali tu. Na sisi yaliyotukuta 2012 na 2013, makanisa kuchomwa, mapadri kushambuliwa, tumeyasahau? Mimi naona kanisa letu limekuwa la kujikunyata. Liseme. Lisimame kwenye siasa za nchi hii.

#7 Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, hakuna aliyesahau. Miaka ile nilikuwa napita njia ndefu kwenda kanisani. Hofu yako naijua.

Lakini tumsome vizuri. Aprili 1933, Hitler hana hata miezi mitatu madarakani, aliandika kwamba kanisa lina njia tatu mbele ya dola inayodhulumu. Kwanza, iulize: hili unalolifanya ni halali ya dola? Pili, wahudumie waliodhulumiwa, na anaongeza neno zito, hata kama si Wakristo. Tatu, ikifika pabaya kabisa, usiishie kuwafunga bandeji waliosagwa na gurudumu, lizuie gurudumu lenyewe. Alipoingia kwenye upinzani wa siri, pamoja na mume wa dada yake, hakujiita shujaa wala hakudai mikono yake ni safi. Alijua anabeba hatia na akamwachia Mungu hukumu. Kwa hiyo anayemtaja Bonhoeffer ili apate ruhusa ya hasira yake, ameanza na ukurasa wa mwisho. Njia ya pili hatujaimaliza, wewe unataka tuikimbilie ya tatu?

Tena hiyo ya kuiuliza dola si ngeni kwetu. Askofu Frank Weston, askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi alipofariki 1924, mwaka 1920 aliishambulia kwa maandishi serikali ya Uingereza, serikali ya watu wake mwenyewe, kwa kuwalazimisha Waafrika kazi za shokoa. Na 1923 alisimama London mbele ya umati wa Waanglikana wenzake akawaambia hawawezi kudai wanamwabudu Yesu aliye altareni kama hawamhurumii Yesu aliye katika mitaa ya makapuku. Bonhoeffer wakati huo alikuwa kijana wa miaka 17. Askofu wa kisiwa hiki alishalisema.

Kingine, ambacho ndicho kinachonishika zaidi kwake: kubaki. Juni 1939 marafiki walimtoa Ujerumani wakampeleka New York, vita viko mlangoni, kazi ipo, usalama upo. Hakumaliza hata mwezi na nusu. Julai akapanda meli kurudi. Alisema kama hatashiriki majaribu ya watu wake, hatakuwa na haki ya kushiriki kulijenga upya kanisa lao baada ya vita. New York aliijua tangu 1930, alipokuwa mwanafunzi kule. Alikuwa akienda Harlem, kanisa la Wabaptisti weusi la Abyssinian, akifundisha watoto shule ya Jumapili. Aliporudi kwao alibeba santuri za nyimbo za watu wale, na miaka baadaye akawapigia vijana wa Finkenwalde. Miaka ileile ambayo hapa kwetu santuri za Siti binti Saad zilikuwa zinaanza kupigwa mabarazani. Nikifikiria vijana wa Kijerumani wamekaa kimya chumbani wanasikiliza nyimbo za wajukuu wa watumwa, wakati nje Gestapo wanaandika majina yao, nywele zinanisimama. Nadhani neema ya thamani hakuisoma vitabuni tu, aliisikia ikiimbwa na watu ambao babu zao walikuwa na bei.

#8 Mchangiaji, Weti

Mwalimu, mie nakusoma kutoka Pemba. Umemtaja Mjerumani, umemtaja askofu, umemtaja kijana wa watu na hasira zake. Umesema benchi limekuwa gumu. Kwa nini? Wewe mwenyewe umeguswa wapi? Maana sijaiona bei uliyolipa wewe.

#9 Mwanzisha uzi

Dada wa Weti, nimekaa na suali lako siku mbili. Ni haki yako kuuliza, na ni hilo hasa lililonifanya nianzishe uzi.

Nyumbani kwangu kuna msichana wa kazi. Katoka bara, ana miaka 20. Tulikubaliana shilingi 80,000 kwa mwezi, chakula na pa kulala. Jumapili nilikuwa naondoka saa moja kwenda Misa, namwacha anafua na kuwasha moto wa mchana. Ni Mkristo, Mlutheri. Aliniomba mara moja kwenda kusali, nikamwambia tutaona. Miezi miwili mshahara wake sikumpa. Sikuwa sina. Nilikuwa na ada, na mchango wa jumuiya, na nguo za sikukuu, na nikajiambia yeye anakula na kulala hapa, hana haraka.

Siku niliyofika kwenye lile neno, msiwe watumwa wa wanadamu, nilikuwa benchi la tatu kutoka mbele, natazama duara la marumaru. Sikumwona mfanyabiashara wa 1870 na kilemba chake. Niliona mikono ya yule msichana, ile ngozi ya vidole inavyokunjamana kwa sabuni. Nilitoka kabla ya komunyo.

#10 Mchangiaji, Weti

Mwalimu, Mungu akujaalie. Ulimlipa? Akakusamehe?

#11 Mwanzisha uzi

Msamaha sijamuomba bado. Niliona nikiuomba kabla ya kulipa nitakuwa nimemtwika yeye kazi nyingine. Jumapili sasa ni yake, anatoka asubuhi na kurudi jioni, mchana napika mimi.

Siku ya kumlipa nilimwita jikoni, nikamkabidhi fedha mkononi. Nilitegemea atasema ahsante na kuziweka mfukoni, ndivyo alivyokuwa akifanya. Akavuta kigoda, akakaa, akazihesabu mbele yangu, noti moja moja za elfu kumi, anaziweka juu ya paja. Akafika mwisho, akarudia tena. Kisha akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu.

"Mwalimu, ziko kumi na tano. Imepungua moja."

Ni kweli. Asubuhi ile nilikuwa nimechomoa noti moja nikanunua umeme, nikijiambia nitairudisha baadaye. Nikavaa viatu, nikashuka kwa wakala kutoa iliyobaki.